Babu, mjukuu na redio ya valvu: Mkono mmoja ukae mfukoni

Ujumbe uliingia kwenye simu yangu Jumatano usiku, kutoka kwa mama mmoja wa Tabata Kimanga. Baba yake mzazi, fundi redio mstaafu, ana mtambo wa redio aliouunda kwa mikono yake mwenyewe miaka mingi iliyopita. Kila Jumamosi asubuhi anaupakia kwenye toroli, anamchukua mjukuu wake wa miaka 10, na wanakwenda kuufungua kwenye kiwanja cha wazi chini ya mwembe.

Mama huyo hakuwa na tatizo na hilo, hadi wiki iliyopita. Mtambo ulikuwa umeshazimwa, mtoto akanyoosha mkono ndani ya boksi, na babu akafoka kwa sauti ambayo hajawahi kumfokea. Kisha akachukua kijiti chenye waya, akagusa ndani, cheche ikaruka.

“Sasa dada, umeme umetoka wapi wakati kimezimwa?” aliniuliza. “Na majirani wananiambia ile mionzi itampa mwanangu saratani. Nimzuie? Ni baba yangu, nitaanzia wapi?”

Mzazi mwenzangu, huenda nyumbani kwako hakuna redio ya namna hii. Lakini swali la mama huyu linawahusu wengi, kwa sababu tuna tabia ya kuogopa kisichodhuru na kukipita kinachodhuru. Nikamwomba niende nao Jumamosi.

Redio ya aina gani?

Redio za zamani zilitumia valvu, yaani vile vichupa vya kioo vinavyowaka kwa ndani kama taa ndogo. Sauti ya Dar es Salaam ilipoanza kurusha matangazo mwaka 1951, wasikilizaji wake walitumia redio za valvu, maana redio ndogo za transista ziliingia sokoni kuanzia mwaka 1954, tena huko Marekani.

Mtambo wa babu haupokei tu, unarusha pia. Ni redio ya ridhaa, ambayo mtu binafsi huitumia kuwasiliana na wenzake duniani bila biashara. Hapa nchini huwezi kurusha bila leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA). Babu anayo, ameiweka ndani ya mfuko wa nailoni pamoja na kadi yake ya bima.

Kubeba mitambo hadi bustanini au porini si wazimu wa mzee mmoja. Mwaka 2016, hifadhi za taifa za Marekani zilipotimiza miaka 100 tangu kuundwa kwa taasisi inayozisimamia, watu wa redio za ridhaa walihamia huko na antena zao. Mchezo huo haujaisha, na umeenea nchi nyingine. Skauti nao, tangu mwaka 1958, hukutana kila mwaka kwa njia ya redio kutoka nchi mbalimbali, siku hizi wikiendi ya tatu ya Oktoba.

Asubuhi ile niliwakuta wameshafunga waya wa mita 20 hivi kati ya mwembe na nguzo ya goli. Babu aligonga herufi za Morse taratibu, akasubiri. Ikajibu sauti nyembamba ya nukta na mistari, ikizama na kuibuka. Mtoto aliinama kwenye daftari, ulimi nje, akaandika herufi moja moja. Za kwanza zilikuwa 5Z.

“Kenya!” akapiga kelele. Alishajua kwamba 5H ni Tanzania na 5Z ni Kenya. Kwa muda wote huo hakuuliza simu ya mama yake iko wapi.

Kuhusu mionzi

Tuanze na hofu ya majirani. Neno “mionzi” tunalitumia kwa vitu viwili tofauti sana. Mionzi ya eksirei ina nguvu ya kuvunja vinasaba ndani ya chembe hai, ndiyo maana chumba cha eksirei kina ukuta maalumu. Mawimbi ya redio hayana nguvu hiyo. Kinachoweza kutokea ukiwa karibu mno na antena ya mtambo wenye nguvu kubwa ni mwili kupata joto, na viwango vya kimataifa vya usalama vimewekwa kuzuia hilo.

Mtambo mdogo kama wa babu, kwenye kiwanja cha wazi, hauhitaji mengi. Antena iwe juu ya vichwa vya watu, na mtoto akae hatua kadhaa mbali na waya. Mtu yeyote asiuguse wakati wa kurusha, kwa sababu unaweza kuunguza kidole papo hapo. Hiyo ni kuungua, si saratani.

Hatari halisi imo ndani ya boksi

Wazazi wengi wataangalia pale kiwanjani, waone betri ya gari, wapumue. Betri ya volti 12 haipigi shoti, nani hajui? Hapo ndipo tunapokosea.

Valvu haifanyi kazi kwa volti 12 peke yake. Ndani ya boksi umeme wa betri hupandishwa hadi volti 250 au 300, na kwenye mitambo mingine ya kurushia huzidi 500. Umeme wa ukutani nyumbani kwako ni volti 230. Kwa hiyo boksi lile, hata likiwa chini ya mwembe mbali na nguzo ya umeme, lina uwezo wa kuua.

Na ile cheche iliyomtisha mama? Ndani kuna vifaa mfano wa vikopo vidogo ambavyo mafundi huviita kapasita. Kazi yake ni kuhifadhi umeme. Ukizima swichi, ukachomoa hata betri, kapasita inaweza kubaki imejaa kwa muda. Fundi anayejua huweka rezista ya kuumwaga umeme huo polepole, kisha hapimi kwa kidole bali kwa mita. Babu alikuwa anamalizia umeme uliobaki. Alifoka kwa sababu mkono wa mjukuu ulifika kabla ya kijiti.

Nilimuuliza alijifunzaje. Akatabasamu, akaingiza mkono wa kushoto mfukoni. “Hivi, mwanangu. Ukigusa ndani ya mtambo, mkono mmoja unakaa mfukoni.”

Kanuni hiyo ya mafundi wa zamani ina maana kubwa kitabibu. Umeme ukiingia mkono mmoja na kutokea mwingine, unapita kifuani, na mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika. Mkono mmoja ukiwa mfukoni, njia hiyo inakatika. Hatari nyingine inabaki, lakini moyo umepunguziwa.

Halafu akaniambia jambo ambalo bintiye hakuwa amelisikia. Mikono yake imeanza kutetemeka, na jicho la kulia halioni vizuri. “Ndiyo maana namfundisha huyu,” alisema. Nilimwona mama akigeuka kuangalia barabarani.

Mambo ya kukubaliana na babu

Nimeyapanga kama tulivyoyakubali siku ile, na yanafaa kwa familia yoyote yenye fundi wa nyumbani.

Kwanza, boksi liwe na kifuniko chenye skrubu, na mtoto asilifungue kamwe, hata likiwa limezimwa. Kazi yake ni kusikiliza, kuandika, kuvuta kamba ya antena na kuhesabu saa. Kazi hizo si ndogo.

Pili, kidude cha kugongea Morse nacho kikaguliwe. Katika baadhi ya mitambo ya zamani ya kuunda nyumbani, sehemu zake za chuma huwa na umeme wa hatari. Mtoto asikiguse mpaka fundi mwingine aupime mtambo na kuthibitisha.

Tatu, tafuta nyaya za umeme kwanza, kivuli baadaye. Waya wa antena usirushwe kamwe juu ya mti ulio karibu na laini ya TANESCO. Ukiteleza na kuangukia laini, atakayekuwa ameshika upande wa pili hatapata nafasi ya kuachia.

Nne, ngurumo ikisikika, hata kwa mbali, zimeni, acheni waya, ingieni ndani ya nyumba au gari. Msikae chini ya mti. Rudini dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho. Msimu wa vuli na masika wingu hutanda haraka.

Tano, valvu huwa ya moto sana na ni kioo. Iachwe ipoe. Zipo valvu chache za zamani zenye zebaki ndani, zinazowaka rangi ya buluu. Zikivunjika, mtoto asogezwe mbali na vipande visiokotwe kwa mikono mitupu.

Sita, lehemu ya zamani ina madini ya risasi. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto, kwa sababu huathiri ubongo unaokua. Njia yake kubwa ni mkono kwenda mdomoni. Basi kulehemu kufanywe mtoto hayupo, meza ipanguswe kwa kitambaa chenye maji, na kabla ya mihogo na ubuyu wa kiwanjani, mikono ioshwe kwa sabuni. Mwenye pumu asikae karibu na moshi wa lehemu.

Saba, vifaa vilivyokufa visichomwe moto kutafuta shaba. Tabata inaijua bei ya moshi wa taka. Mwaka 1988 wakazi wake waliishtaki Halmashauri ya Jiji kwa sababu ya dampo lililokuwa hapa, na Mahakama Kuu ikawapa haki. Tusiurudishe moshi ule uani kwetu.

Na kabla ya kufunga waya, toeni taarifa serikali ya mtaa au kwa mwenye kiwanja. Mkitaka kwenda kwenye msitu wa hifadhi, mfano Pugu-Kazimzumbwi, ombeni kibali kwa Wakala wa Huduma za Misitu (TFS). Watu wakiona nyaya na kusikia milio wasiyoielewa, wasiwasi wao ni wa haki.

Akipigwa shoti

Usimguse. Hili ndilo gumu kuliko yote kwa mzazi, kwa sababu mikono yako itakimbia kabla ya akili. Kata umeme kwanza: kwa mtambo wa kiwanjani, chomoa waya wa betri. Usipoweza, msogeze kwa mti mkavu au plastiki huku umesimama pakavu. Ikiwa ni laini ya TANESCO, kaa mbali kabisa na zuia wengine.

Akishakuwa huru, angalia kama anapumua. Kama hapumui, au anatweta kwa kukatakata, anza kubonyeza katikati ya kifua kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha theluthi moja ya kifua, huku mwenzako akitafuta usafiri na msaada. Usisimame mpaka apumue au wahudumu wachukue nafasi yako.

Palipoungua pamiminiwe maji safi yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, unga, yai wala mafuta.

Na hata akiinuka akacheka, mpeleke hospitali, kwa eneo letu Amana au kituo cha afya kilicho karibu. Umeme huacha alama ndogo nje na jeraha kubwa ndani, na mapigo ya moyo yanahitaji kupimwa.

Nimzuie au nisimzuie?

Jibu langu kwa mama wa Kimanga ni hapana, usimzuie. Ila usikae nyumbani ukisubiri warudi.

Mtoto anayekaa nje kwenye mwanga wa mchana anapata faida. Tafiti zimeonyesha kwamba muda wa kuwa nje hupunguza uwezekano wa mtoto kupata tatizo la kutoona mbali. Anajifunza kusikiliza kwa utulivu na kuandika haraka, na ramani inaingia kichwani bila kiboko. Sitakudanganya kwamba ni mazoezi ya mwili. WHO inashauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wachangamshe mwili angalau dakika 60 kwa siku, na kukaa mbele ya redio hakuhesabiki. Mpira uchezwe baadaye.

Na babu naye anapata kitu ambacho hakiandikwi kwenye cheti cha daktari. Mzee aliyestaafu, ambaye mikono inaanza kumgomea, bado ana mtu anayemngoja kila Jumamosi.

Kabla ya kuondoka, mama alimwomba baba yake amwonyeshe waya wa betri unachomolewaje. Si jambo dogo kwa mtoto kumwomba mzazi hivyo, na kwa mzazi kukubali. Alimwonyesha mara mbili. Mara ya tatu akamwachia afanye mwenyewe, akafanya.

Wakati wa kufungasha, babu alishika skrubu za kifuniko ili avitazame vikopo vyake. Mtambo ulikuwa umezimwa, betri imeshawekwa kwenye toroli. Mjukuu alirudi nyuma hatua mbili, akafunga daftari.

“Babu,” akasema, “mkono.”

Mzee akacheka, akauingiza mfukoni.