Nani Anamlea Huyu Mtoto?

Mwaka 1954 mwanasaikolojia Mary Ainsworth alifika Kampala akifuatana na mumewe, aliyekuwa amepata kazi katika taasisi ya utafiti wa jamii iliyokuwa Makerere. Alichagua familia 26 katika vijiji sita vya Waganda karibu na mji, akawa anazitembelea kila baada ya wiki mbili hivi kwa miezi kadhaa, yeye na mkalimani wake. Alikaribishwa sebuleni alasiri, akaketi, akatazama: mtoto anatambaa hadi wapi kabla ya kugeuka kumtafuta mama, na mama akitoka, nani anamnyamazisha. Kitabu chake kilitoka 1967, na sehemu kubwa ya tunachokijua juu ya mtoto na anayemtegemea inaanzia katika sebule zile.

Kilichoturudia baadaye, hata hivyo, ni kipimo alichokibuni Baltimore: chumba kimoja, vitu vya kuchezea, mama, mtoto na mgeni, dakika 20 basi. Bibi hayumo, shangazi hayumo. Dada mkubwa naye hayumo, ingawa watafiti Robert na Barbara LeVine, walioishi Nyansongo huko Ukisii miaka hiyohiyo ya 1950, walikuta ni wasichana wadogo wanaobeba wachanga mama akiwa shambani.

Upungufu huo umeingia kwenye hojaji zetu. Chukua swali hili la kawaida: mzazi wako hukusaidia kazi za shule? Mara nyingi, mara chache, kamwe. Kijana anayeishi na bibi yake Muheza, mama yake akifanya kazi Dar es Salaam na kutuma hela kila mwisho wa mwezi, ataweka alama kwenye “kamwe”, na jibu lake litahesabiwa kuwa ni malezi hafifu. Mjomba anayemsimamia kila jioni mpaka hesabu ziishe hana kisanduku. Kisha tunaandika mapendekezo ya sera juu ya takwimu hizo!

Sisemi kwamba nyumba yenye watu wengi ni salama kwa sababu tu ina watu wengi. Utafiti wa kitaifa uliofanyika Tanzania mwaka 2009, kwa ushirikiano wa UNICEF na Chuo Kikuu cha Muhimbili miongoni mwa wengine, uliwauliza faraghani vijana wenyewe wa miaka 13 hadi 24. Karibu wasichana 3 kati ya 10 walisema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18; kwa wavulana ilikuwa takriban 1 kati ya 7. Wengi walikuwa hawajamwambia mtu. Wangeulizwa wazazi peke yao, idadi kubwa ya majibu hayo isingejulikana hadi leo. Kwa hiyo tunapodai bibi na mjomba wahesabiwe, tunadai pia wachunguzwe, kwa sababu mkono unaolisha na mkono unaoumiza unaweza kuwa katika nyumba moja.

Ndiyo maana kuanzia toleo hili la jarida letu tunawataka waandishi wetu waeleze, kabla ya jedwali lolote, nani analala katika nyumba waliyoichunguza, nani anampikia mtoto, nani anamwadhibu, na usiku akiugua anamwita nani. Na majibu hayo yatoke kwa kijana mwenyewe, akiwa ameulizwa mahali ambapo hakuna mkubwa anayemsikiliza.