Koti Lilikuwa Butini



Likizo ya Agosti i mlangoni, na kama ilivyo ada ya miaka hii, ahali nyingi za hapa pwani zitapanda mabasi ya usiku kwenda bara kuwazuru watoto walioolewa au walioajiriwa huko. Zamani binti wa Mji wa Kale akiolewa Lamu tulisema ameenda mbali. Leo yuko Eldoret, yuko Meru, yuko Nanyuki, na mama yake hana budi kujifunza jiografia uzeeni. Juma hili basi nimeona tuzungumze juu ya matayarisho ya safari hiyo, hasa kwa anayesafiri na mzee, nami nitaanza kwa kukiri kosa langu mwenyewe.

Miaka miwili iliyopita, mwezi wa Julai, nilimsindikiza mama yangu kwenda Nanyuki kwa mdogo wangu, aliyekuwa akikaribia kujifungua. Mama alikuwa na umri wa miaka 71. Ana kisukari, na hujidunga insulini asubuhi na jioni. Siku tatu nzima nilifunga sanduku nikijiona mpangaji hodari: koti zito nililolichagua Kongowea, ambako makoti ya mitumba hupatikana kwa bei nafuu maana mpwani hana kazi nayo, soksi za sufu, blanketi, shali mbili. Dawa zake, sindano, glukosi na mashine ya kupimia sukari nilivitia katika kikebe, nikakizika katikati ya koti ili visivunjike wala visiibiwe. Sanduku likaingia butini. Nami nikapanda basi kwa moyo mtulivu, mkononi nina simu na chupa moja ya maji.

Basi lilikuwa la saa mbili za usiku. Liliondoka saa tatu na nusu. Mama alikuwa amejidunga nyumbani wakati wa magharibi kama kawaida, akala kidogo tu kwa kuchelea kichefuchefu cha njiani, akasema atakula vizuri basi litakaposimama Mtito Andei. Kwa kuwa tulichelewa, dereva hakusimama Mtito Andei. Yapata saa nane, abiria wote wakiwa wamejikunyata kwa baridi, niliushika mkono wa mama nikaukuta umelowa jasho. Nilipomwita aliniitikia kwa jina la dada yake, aliyefariki zamani. Nikatambua kwamba sukari imeshuka. Nikakumbuka pia ilipo mashine, na ilipo glukosi.

Nilimwendea utingo. Alinijibu kwa upole kwamba dereva hawezi kusimama gizani, mahali pasipo watu, afungue buti lenye mizigo ya basi zima. Tungoje kituo cha mafuta. Simlaumu. Aliyetuokoa, baada ya Mwenyezi Mungu, ni mtoto wa kiti cha nyuma aliyekuwa na paketi ya juisi ya embe, ambayo mama yake aliichukua mkononi mwake na kunipa bila kuuliza swali. Nilimnywesha mama funda kwa funda. Baada ya robo saa hivi macho yake yakatulia, akanitazama, akasema, “Mwanangu, koti langu umeliweka wapi? Nasikia baridi.”

Koti lilikuwa butini.

Tangu usiku ule nimefahamu kwamba sanduku nililolihangaikia siku tatu lilikuwa la kufikia. Katika saa zile tisa au kumi za njiani, una kile tu kilicho mapajani mwako. Kwa hiyo siku hizi tunaanza na mkoba wa mapajani, na sanduku hufungwa mwisho, hata kwa haraka.

Dawa zote za mzee zikae katika mkoba huo, pamoja na karatasi ya daktari, na zizidi muda wa ziara kwa siku kadhaa, kwani si kila duka la dawa la ugenini litakuwa na aina ile ile. Insulini haitaki joto wala barafu. Chupa iliyokwisha kufunguliwa huvumilia joto la chumbani, lisilozidi nyuzi 30, kwa muda wa wiki nne hivi. Lakini buti la basi lililoshinda juani si chumba, wala sakafu iliyo juu ya injini. Tufanyalo sisi ni kutia maji baridi katika chupa ya chai, kuyamwaga chupa ikishapoa, kisha kuitumbukiza dawa ikiwa imezongwa kitambaa. Isigusane na barafu. Insulini iliyoganda haifai tena hata ikiyeyuka.

Kando ya dawa iwepo mashine ya kupimia, na sukari ya kunyweka. Tende ni njema, ila mtu anayetetemeka hutafuna kwa shida. Vijiko vitatu vya chai vya sukari katika nusu gilasi ya maji vinatosha kuanzia, au juisi ya kawaida, si ile iliyoandikwa kwamba haina sukari. Mngoje robo saa, umpime tena, kisha ale mkate au mahamri. Mtu aliyepotewa na fahamu asitiliwe chochote kinywani. Huyo ni wa kukimbizwa hospitali. Na kabla ya yote hayo, wiki moja au zaidi kabla ya safari, muulizeni daktari kama kiasi cha dawa ya jioni kibadilishwe siku ya kuondoka, na chakula kiliwe saa ngapi. Sisi hatukuuliza. Tulidhani mwili hautajua kuwa umepanda basi.

Lipo jambo jingine ambalo wazee wetu, hasa akina mama, hawalitamki kwa haya, nalo ni choo. Baadaye mama alinifunulia kwamba hakunywa hata funda moja la maji tangu adhuhuri, ili asije akahitaji kusimamisha basi mbele ya watu. Wengine huficha na vidonge vya presha, vile vinavyoongeza mkojo, wakasema watavimeza wakifika. Mzee wa namna hii hufika akiwa amekauka, kichwa kinamgonga, na sisi tunasingizia uchovu. Basi ulizeni mapema, wakati wa kukata tikiti, basi husimama wapi na kwa muda gani, na msitegemee jibu hilo peke yake. Mchukulieni kiti cha karibu na mlango, upande wa njia ya kupitia. Likisimama, inuka naye bila kumwuliza kama anataka kushuka. Ukimwuliza atasema hataki. Ndara za kuvaa haraka, tishu na kipande cha sabuni viwe juu kabisa ya mkoba. Kuhusu vile vidonge, daktari anaweza kubadilisha saa ya kuvimeza, lakini visiachwe kimyakimya. Kule kushuka kuna faida ya pili, kwani miguu iliyoning'inia usiku kucha huvimba, na damu huweza kuganda ndani ya mishipa. Akiwa kitini azungushe vifundo vya miguu mara kwa mara. Mguu mmoja ukivimba na kuuma siku za baada ya safari, au pumzi ikimbana ghafla, asikandwe mafuta nyumbani, apelekwe hospitali.

Sasa baridi. Mstari wa ikweta unapita hapo hapo Nanyuki, na watu wetu hudanganyika na neno hilo wakadhani ni joto. Kwa kila mita 1,000 unazopanda, joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi. Mombasa tuko usawa wa bahari, Nanyuki inakaribia mita 2,000, nyuma yake Mlima Kenya umesimama mita 5,199. Usiku wetu wa Julai huwa na nyuzi 22 hivi, nasi hujifunika shuka. Toa 12 hapo. Tena baridi haingoji ufike. Barabara ya Nairobi hupanda polepole usiku kucha, na saa za alfajiri, kwenye nyanda za Emali na Sultan Hamud, dirisha lisilofunga vizuri hutosha kumtesa mtu. Koti, soksi na kofia ya sufu vipandishwe ndani ya basi, hata kama mzee anatoka jasho kituoni na kukuona umerukwa na akili. Nguo kadhaa nyepesi zilizovaliwa moja juu ya nyingine ni bora kuliko moja nzito, maana hupunguzwa jua likitoka.

Mwinuko wa Nanyuki si wa kumdhuru mtu mwenye afya. Atahema kidogo kwenye ngazi siku za mwanzo. Mwenye maradhi ya moyo au ya mapafu aonane na daktari kwanza. Na kuna nyumba ya kuonywa zaidi, ile yenye mgonjwa wa sikoseli, na pwani yetu nyumba hizo si chache. Baridi, upungufu wa maji mwilini na hewa nyembamba ya milimani, kila kimoja kinaweza kumwamshia maumivu, na safari hii huvikusanya vyote vitatu. Mgonjwa huyo asipande basi kabla ya kuzungumza na daktari wake, na maji asiachwe kuyanywa njia nzima.

Chakula cha njiani sitakisemea sana, kila nyumba ina desturi yake. Mikate, visheti na mayai ya kuchemsha husafiri. Vya nazi huchacha. Vyakula vya watu msiowajua vikataeni kwa adabu, ingawa mimi niliyeokolewa na juisi ya mtoto wa watu nasema haya kwa aibu.

Sala ya alfajiri ndiyo huponyoka wengi. Basi la usiku huwa bado njiani wakati wake unapoingia, na jua huchomoza mnamo saa kumi na mbili na nusu. Mwambieni dereva kabla ya kuondoka, si pale adhana inapolia katika simu. Wengi wa madereva wa njia hii ni waungwana na husimama mahali penye msikiti. Chupa ya pili ya maji iwe ya udhu. Ikiwa mzee hawezi kushuka, mwulizeni sheikh wenu nyumbani namna ya kuswali kitini.

Mkifika Nairobi kabla hakujapambazuka, kaeni kwanza, mnywe chai, mpimeni sukari. Kutoka hapo bado kuna saa nne hivi za kupitia Thika, Sagana, Karatina na Naro Moru, na mzee aliyeharakishwa gizani kutoka kituo hadi kituo huanza safari ya pili akiwa amechoka kuliko ya kwanza.

Mama anakwenda tena mwezi ujao, inshallah, kumwona yule mjukuu ambaye sasa anakimbia. Kikapu chake cha ukindu kimekwisha kutundikwa msumarini nyuma ya mlango, koti limekunjwa juu yake. Juzi nilitaka kuchungulia kama glukosi imo, akaniondoa mkono. Nimepewa kazi moja tu, kufunga ng'onda ambao mdogo wangu amewaagiza, nifunge tabaka tatu wasinuke. Hao, amesema, ndio wa butini.