Bingwa apatikane siku moja

Wapo wanaodai kwamba utaratibu wa kumtafuta bingwa wa dunia wa mbio za pikipiki za uwanjani kwa mashindano ya msimu mzima, ulioanza mwaka 1995, ni wa haki kuliko fainali moja ya zamani. Haki hiyo siikatai. Lakini mimi niliyekuwapo Wembley, London, mwaka 1981, Mmarekani Bruce Penhall alipotwaa taji, nasema tumepoteza jambo kubwa.

Waendeshaji walikuwa 16, kila mmoja na mbio tano tu. Wanne hutoka pamoja, huzunguka mara nne kwa pikipiki zisizo na breki, gurudumu la nyuma likiteleza na kurusha changarawe. Yapata dakika moja, imekwisha. Aliyeanguka, mara nyingi ndiyo basi hadi mwaka ujao. Ukali huo ndio uliompa heshima Ivan Mauger wa New Zealand: mara sita, kati ya mwaka 1968 na 1979, aliamka siku ya fainali akijua hana kesho, akalala akiwa bingwa. (Harufu ya methanoli ningali naikumbuka.)

Siku hizi anayeshindwa hujifariji kwa mashindano yajayo. Nami mtazamaji hujifariji vivyo hivyo, wala sisimami tena kitini.