Mimea Ifananayo: Tusidanganywe na Jani

Mwezi huu twataka kuwapa habari za kosa letu wenyewe, kwani yafaa kosa la mwalimu liwe funzo kwa wengi.

Katika bustani ya shule uliota mmea wenye majani yaliyochanika-chanika. Tukasema, "Hii ni pakanga," tukawakataza watoto wasiung'oe. Mama mmoja akaomba majani ayachemshe kwa ajili ya homa ya mwanawe, tukamjibu, "Ngoja yakomae." Mmea ulipochanua tukaona haya. Haukuwa pakanga, bali gugu karoti. Hata leo twashukuru kwamba mama yule alingoja.

Gugu hili asili yake ni nchi za joto za Amerika. Katika Tanzania lilionekana Arusha mwaka 2010. Huwasha ngozi, na watu wengine huwaletea pumu. Ng'ombe akilila, maziwa yake huwa machungu. Tena mmea mmoja waweza kutoa mbegu zaidi ya 10,000.

Basi, tujifunze kupambanua. Mimea hii yote ni ya jamaa ya alizeti, na katika jamaa hiyo kile tukiitacho ua moja ni maua mengi madogo yaliyokusanyika katika kichwa kimoja. Kwa hiyo tukitazame kichwa, wala tusilitegemee jani peke yake.

Gugu karoti, likiwa changa, hutandaza majani yake chini kama sahani. Kisha hutoa shina lenye mifereji na vinyweleo. Vichwa vyake ni vidogo, vyeupe hata katikati, navyo vina pembe tano.

Pakanga ina vichwa vidogo mno vya rangi ya manjano, vyenye kuinama, wala havina petali nyeupe. Jani lake ukilifikicha hutoa harufu kali.

Kishona nguo chaweza kuwa na petali nyeupe, lakini katikati yake ni manjano. Majani yake huota mawili mawili yakielekeana, na mbegu zake ni kama sindano zishikazo nguo. Ndiyo maana kikaitwa hivyo.

Ukiona gugu karoti, ling'oe pamoja na mizizi kabla halijachanua, wakati udongo ungali na maji. Vaa glavu, au funga mikono kwa mifuko, wala usiwatume watoto kazi hiyo.

Na mtoto akishikwa na homa, mpelekeni zahanati akapimwe. Hata pakanga ya kweli, ikichemshwa nyumbani, hakuna ajuaye kiasi cha dawa kilichomo kikombeni. Nanyi walimu wenzetu, mtoto akiwauliza jina la mmea msioujua, msione aibu kumwambia, "Tungoje uchanue, ndipo tutazame." Sisi tulijibu upesi, na jibu letu lilikaribia kumnywesha mtoto gugu.