Mária Telkes: Mhandisi mhamiaji aliyelitunza joto la jua, na hesabu ya jiko la leo

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

Tangu Rais wa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, Mheshimiwa Dkt. Samia Suluhu Hassan, alipozindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia (2024–2034) tarehe 8 Mei, 2024, mazungumzo ya wananchi yamejikita katika mambo mawili: bei ya kujaza mtungi wa gesi na uniti za umeme. Ni haki yao, kwa kuwa lengo lililowekwa ni asilimia 80 ya Watanzania kutumia nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034, na lengo la ukubwa huo linamgusa kila mwenye familia mfukoni. Hata hivyo, katika mikutano ya hadhara na katika mitandao ya kijamii swali moja hurudi mara kwa mara: nchi yenye jua kali namna hii inashindwaje kupikia jua?

Swali hilo si geni. Zaidi ya miaka 70 iliyopita lilishughulikiwa kwa vipimo na majaribio na mhandisi mhamiaji aliyetumia karibu maisha yake yote kutafuta namna ya kulitunza joto la jua ili litumike baada ya jua lenyewe kuzama. Kazi yake, mafanikio pamoja na makosa yake, inatoa jibu lenye manufaa kuliko kauli nyingi zinazotolewa leo juu ya majiko ya jua.

Mária Telkes alizaliwa Budapest, Hungaria, tarehe 12 Desemba, 1900. Alisomea kemia-fizikia katika Chuo Kikuu cha Budapest na kutunukiwa shahada ya uzamivu mwaka 1924. Mwaka uliofuata alisafiri kwenda Cleveland, Marekani, kwa jamaa yake aliyekuwa mwakilishi wa kibalozi wa Hungaria, akapata kazi huko na kubaki. Wakati ule mlango ulikuwa mwembamba: sheria ya uhamiaji ya Marekani ya mwaka 1924 iliiwekea Hungaria kiwango cha wahamiaji 473 tu kwa mwaka. Nchi iliyokuja kunufaika na uvumbuzi wake kwa nusu karne ndiyo iliyokuwa ikiwahesabu watu wa kwao mmoja mmoja bandarini.

Kituo chake cha kwanza kilikuwa hospitali ya Cleveland Clinic, alikofanya utafiti pamoja na daktari mpasuaji George Crile juu ya nishati katika viumbe hai. Mwaka 1937 alipata uraia wa Marekani na kuhamia kampuni ya Westinghouse, ambako alishughulika na ubadilishaji wa joto kuwa umeme. Ukiunganisha metali mbili za aina tofauti, ukapasha kiungo kimoja moto na kingine kikabaki baridi, mkondo mdogo wa umeme hupita. Ni mkondo hafifu, na Telkes alitumia miaka mingi kutafuta mchanganyiko wa madini utakaouongeza. Mwaka 1939 alijiunga na Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts (MIT), katika mradi wa nishati ya jua uliofadhiliwa na tajiri Godfrey Lowell Cabot.

Vita Kuu ya Pili ilimtoa katika umeme na kumpeleka kwenye maji. Mabaharia na marubani waliookoka baada ya vyombo vyao kuzama walikuwa wakifa kwa kiu juu ya mashua za mpira, wamezungukwa na maji wasiyoweza kunywa. Telkes alibuni kifaa chepesi cha plastiki, kinachojazwa hewa na kuelea, ambacho ndani yake jua huvukiza maji ya bahari, mvuke ukaganda kuwa matone ya maji matamu. Kifaa hicho kikaingizwa katika vifaa vya dharura vya jeshi la Marekani. Yeyote aliyeona chumvi ikivunwa katika mashamba ya chumvi ya pwani yetu anaijua nusu ya kwanza ya kazi hiyo. Ubunifu ulikuwa katika kuukamata mvuke ambao mvuna chumvi anauacha upotee.

Jina lake, hata hivyo, limefungamana zaidi na nyumba moja iliyojengwa mwaka 1948 katika mji mdogo wa Dover, Massachusetts. Mchoraji alikuwa msanifu majengo Eleanor Raymond, na aliyelipia ujenzi na kutoa kiwanja ni Amelia Peabody, mchonga sanamu mwenye mali. Wanawake watatu, katika fani ambayo wakati ule mwanamke alikuwa mgeni sawa na mhamiaji. Nyumba hiyo haikuwa na tanuri la kawaida la kupashia vyumba joto wakati wa baridi. Ghorofa ya juu ilikuwa na safu ya madirisha 18 yaliyoelekea kusini, na nyuma ya vioo kulikuwa na mabati yaliyopakwa rangi nyeusi. Hewa iliyopashwa hapo ilisukumwa na feni hadi kwenye vyumba vidogo vilivyopangwa mapipa ya chumvi ya Glauber, takriban tani 21.

Uchaguzi wa chumvi hiyo ndio kiini cha kazi yote. Joto likiingizwa katika maji au katika mawe, kitu hicho hupanda nyuzi, na kadiri kinavyopanda ndivyo kinavyolipoteza kwa haraka. Kitu kinachoyeyuka hufanya vingine: hupokea joto jingi bila kupanda nyuzi, kikalificha katika umbo lake jipya, na kinapoganda tena hulitoa lote. Chumvi ya Glauber huyeyuka kwenye nyuzi 32 hivi, joto linalokaribiana na la mwili wa binadamu. Kilo moja ikiyeyuka hupokea joto sawa na lile la kuipandisha kilo moja ya maji kwa nyuzi 60. Kwa lugha ya mita zetu za umeme, mapipa yale yakiwa yameyeyuka yote yalibeba joto la zaidi ya uniti 1,300. Telkes alikadiria kwamba nyumba ingepata joto kwa takriban siku 10 za mawingu mfululizo.

Ilifanya kazi, na watu walifunga safari kuiona. Kisha, kabla ya majira ya tatu ya baridi kwisha, ikaanza kushindwa. Mapipa yalishika kutu na kuvuja. Chumvi yenyewe, baada ya kuyeyuka na kuganda mara nyingi, ilijitenga kwa tabaka: sehemu nzito ilikaa chini na maji juu, visirudi kuungana, na uwezo wa kutunza joto ukashuka. Familia ya jamaa yake iliyoishi humo ilipata baridi, na mfumo ukaondolewa.

Hapa ndipo mchambuzi anapaswa kwenda polepole, kwa kuwa ndipo maamuzi ya kitaasisi yalipofanyika. Kiongozi wa mradi wa MIT, Hoyt Hottel, alikuwa mtu wa vipimo vikali na hakuwa na imani na chumvi. Yeye na Telkes walikwishatofautiana kabla ya Dover. Mwaka 1953 Telkes aliondoka MIT. Inawezekana kukubali kwamba Hottel alikuwa na hoja kuhusu chumvi ile kwa wakati ule, na papo hapo kusema kwamba kumwondoa mtu aliyekwisha kuitambua kasoro ni hasara. Mwaka 1952 Telkes alikuwa amechapisha matokeo yanayoonyesha kwamba kiasi kidogo cha boraksi huisaidia chumvi kuanza kuganda kwa wakati unaotakiwa. Hiyo ilikuwa nusu ya dawa. Nusu ya pili, kuzuia tabaka kwa kuifanya chumvi iwe nzito kama uji, aliendelea kuifanyia kazi kwa miaka mingi baadaye.

Akiwa Chuo Kikuu cha New York, alipata ruzuku ya dola 45,000 kutoka Ford Foundation kwa ajili ya jiko la jua litakalotumika katika nchi ambazo kuni zimeadimika. Hapo ndipo historia yake inapokutana na yetu. Jiko lake lilikuwa sanduku lenye kuta nene za kuzuia joto, dirisha la vioo viwili vilivyoinamishwa kuelekea jua, na vioo bapa vya kuakisi vilivyopangwa pembeni. Hakupendelea sahani kubwa za kung'aa zinazokusanya miali katika nukta moja, kwa kuwa hizo huchoma macho na zinahitaji kugeuzwa kila dakika chache. Sanduku lake lilioka mkate na kuchemsha nyama. Aidha, alipendekeza kuweka ndani yake chumvi ya kutunza joto ili chakula cha jioni kipate moto wa mchana.

Tulifanyie hesabu. Saa sita mchana, anga likiwa safi, kila mita moja ya mraba inayoelekea jua hupokea takriban wati 1,000. Sanduku linalokusanya nusu mita ya mraba lina wati 500 kabla ya upotevu wowote. Kuchemsha lita 5 za maji kutoka nyuzi 25 hadi nyuzi 95 kwa wati hizo huchukua dakika 49. Nusu ya joto ikipotea kupitia vioo na mifuniko, jambo la kawaida, ni zaidi ya saa moja na nusu. Kwa maharage au makande yanayotaka moto mdogo wa muda mrefu, sanduku hilo linafaa sana. Kwa ugali unaohitaji moto mkali na mwiko unaozunguka bila kufunika sufuria, halifai. Na kwa chai ya saa kumi na moja alfajiri halipo kabisa.

Ndiyo maana majiko ya jua yaliyosambazwa katika nchi mbalimbali hayakuenea kama ilivyotarajiwa. Nchini India, jiko lililobuniwa na Maabara ya Taifa ya Fizikia katika miaka ya 1950 liliingia sokoni na halikudumu. Kosa halikuwa la jua, na mpishi hakuwa mkaidi. Waliobuni walihesabu joto wakasahau saa ya kula. Telkes alikuwa miongoni mwa wachache walioiona saa hiyo tangu mwanzo, na ndiyo sababu alirudi tena na tena kwenye chumvi.

Mkakati wa Taifa haumlazimishi mwananchi kutumia chanzo kimoja. Unataja gesi, umeme, bayogesi, mkaa mbadala na vinginevyo, na Wakala wa Nishati Vijijini (REA) umekuwa ukisambaza mitungi ya kilo 6 kwa bei ya ruzuku pamoja na majiko banifu. Huo ni msimamo wa busara, na somo la Dover linauunga mkono: kaya moja inaweza kuhitaji vyanzo viwili. Nafasi ya jua kama chanzo cha nyongeza inaonekana zaidi katika taasisi, kama vile shule za bweni zinazopika maharage kila siku mchana, ambapo maji yaliyokwisha kupashwa na jua yanapunguza gesi inayohitajika kuyachemsha. Yanayopaswa kuokolewa si madogo. Takwimu ambazo Serikali imekuwa ikizitaja zinaonyesha vifo takriban 33,000 kwa mwaka vinavyotokana na moshi wa kupikia, na upotevu wa misitu wa takriban hekta 469,000 kila mwaka.

Mwananchi anayeuziwa jiko la jua ana haki ya kumuuliza muuzaji maswali ambayo Telkes aliyajibu katika maandishi yake: ukubwa wa eneo linalopokea jua, unene wa kinga ya joto, na kama jiko lina chochote cha kutunza moto baada ya saa kumi alasiri. Bila hicho cha tatu, kapu la kawaida lililojazwa pamba au mabaki ya vitambaa, ambalo baadhi ya kina mama huhifadhia sufuria ya moto, hufanya sehemu ya kazi hiyo kwa gharama ndogo.

Telkes hakuishia kwenye majiko. Mwaka 1961 alihamia kampuni ya Cryo-Therm na kubuni vyombo vya kukinga vifaa visivyostahimili mabadiliko ya joto. Vilitumika katika makombora na katika vyombo vya anga vya Apollo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alikuwa Chuo Kikuu cha Delaware, ambako mwaka 1973 ilijengwa nyumba iitwayo Solar One, iliyopata umeme na joto kutoka juani na kulitunza joto kwa chumvi. Alikuwa na hataza zaidi ya 20. Alifariki dunia tarehe 2 Desemba, 1995, akiwa ziarani Budapest, siku 10 kabla ya kutimiza miaka 95.

Kanuni aliyoishikilia imekwisha kuingia katika zahanati za vijijini kwa njia nyingine. Zipo friji za chanjo zinazopokea umeme wa paneli za jua moja kwa moja, bila betri. Mchana zinagandisha maji yaliyofungiwa katika kuta zake, na usiku barafu hiyo inapoyeyuka polepole, chanjo hubaki kati ya nyuzi 2 na nyuzi 8.