UCHAMBUZI: Kiu ya serikali kwa petroli yazidi ile ya magari

MJADALA kuhusu bei ya mafuta nchini Kenya una mazoea yake. Hupamba moto kila tarehe 14 ya mwezi, Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Mafuta (EPRA) inapotangaza bei mpya, kisha hufifia siku mbili tatu baadaye, nauli zikishapanda na abiria wakishanung'unika. Lawama hurushiwa mataifa ya Ghuba, thamani ya dola na kampuni zinazoagiza shehena.

Serikali nayo hulaumiwa kwa kutoza ushuru mkubwa, na ni kweli inautoza. Hata hivyo, lipo jambo zito zaidi ambalo halijadiliwi ipasavyo. Dereva wa matatu anahitaji petroli ya leo na ya kesho tu. Serikali imekwisha kuuza mapato ya lita ambazo bado hazijafika bandarini Mombasa, sembuse kuchomwa barabarani.

Kila lita ya petroli na dizeli hutozwa Sh25 za kukarabati barabara. Ushuru huo ulikuwa Sh18 kuanzia mwaka wa 2016 hadi Julai 2024, ulipoongezwa kwa Sh7. Wakati huo taifa lilikuwa bado linatokota. Wiki chache tu zilikuwa zimepita tangu maandamano ya vijana yamlazimishe Rais William Ruto kuondoa Mswada wa Fedha wa 2024. Mswada uliondolewa, lakini Sh7 zikapita, maadamu kiwango cha ushuru wa barabara hupangwa kwa agizo la waziri na hakihitaji mswada wa fedha.

Hoja iliyotolewa ilikuwa kwamba barabara zinachakaa na fedha za kuzidumisha hazitoshi. Hakuna aliyeweza kuikana hoja hiyo, hasa baada ya mafuriko ya mwaka huo kusomba madaraja na kukata barabara katika maeneo mengi.

Kilichofuata mwaka wa 2025 ndicho kinachostahili kuangaliwa kwa makini. Kiasi kile kile cha Sh7 kwa kila lita kiliwekwa rehani ili kupata Sh175 bilioni za kuwalipa wanakandarasi waliokuwa wakiidai serikali. Wawekezaji wanatoa fedha sasa, nao watalipwa kutokana na ushuru utakaokusanywa miaka ijayo. Nyongeza iliyoombwa kwa jina la ukarabati ikaishia kulipia barabara zilizokuwa zimeagizwa zamani bila fedha.

Haifai kuwabeza wanakandarasi hao. Wapo waliosubiri malipo kwa miaka mingi huku riba ya mikopo yao katika benki ikizidi kupanda, mitambo ikipata kutu na vibarua wakirudishwa makwao. Mwananchi aliyepita karibu na barabara iliyoachwa nusu, kifusi kikiwa kimemwagwa kando na matingatinga yameondoka, anafahamu hasara ya deni lisilolipwa. Dawa ya deni ni kulipa. Ubishi uko katika mfuko unaotumiwa kulipa.

Hesabu yenyewe haihitaji msomi wa uchumi. Ukigawa Sh175 bilioni kwa Sh7, unapata lita bilioni 25. Ina maana kwamba lazima Wakenya wanunue lita bilioni 25 za mafuta ili kulipa kiasi hicho pekee, kabla ya riba kuguswa. Mwendeshaji bodaboda anayejaza lita nne kwa siku hulipa Sh100 za ushuru wa barabara; kati ya hizo, Sh28 zina wenyewe tayari. Zaidi ya robo ya ushuru huo haitajaza shimo hata moja katika njia anayoitumia.

Swali la iwapo fedha za aina hii zihesabiwe kuwa deni la taifa limezua mjadala kati ya Hazina Kuu na Shirika la Fedha Duniani (IMF). Kwa mlipa ushuru, jina halina uzito mkubwa. Fedha zimetumika, na malipo yake yamefungwa katika pampu.

Hapo ndipo ilipo hatari. Kodi ya mapato hupungua uchumi unapoyumba, kisha hupanda unapoimarika. Ushuru wa barabara unategemea kitu kimoja tu, yaani idadi ya lita. Bei ya mafuta ikipanda duniani, watu hupunguza safari na mfuko huo hukonda. Ilionekana mwaka wa 2023, petroli ilipovuka Sh200 kwa lita kwa mara ya kwanza na kufikia Sh217.36 jijini Nairobi mwezi wa Oktoba. Ushuru wa Thamani ya Ziada (VAT), ulioongezwa kutoka asilimia nane hadi 16 mwezi wa Julai mwaka huo, huvuna zaidi bei inapopanda kwa kuwa ni asilimia ya bei. Ushuru wa barabara hauna ahueni hiyo.

Kwa hivyo serikali ina sababu mbili zinazokinzana. Katika hotuba inataka nchi ipunguze mafuta yanayoagizwa kutoka nje, kwa sababu yanameza fedha za kigeni. Katika daftari zake inahitaji mafuta hayo yaendelee kuchomwa kwa wingi, la sivyo wawekezaji hawatalipwa na barabara hazitapata chochote.

Mgongano huu unaonekana wazi katika reli. Reli ya kisasa (SGR) kati ya Mombasa na Nairobi, iliyofunguliwa Mei 2017, iligharimu Sh327 bilioni, nyingi zikiwa mkopo wa benki ya Exim ya Uchina. Miongoni mwa mambo yaliyoahidiwa ni kuondoa malori katika barabara kuu ya Mombasa, hivyo kuokoa mafuta na kupunguza uchakavu wa lami. Mwaka wa 2019 serikali ilijaribu kulazimisha makasha yote yanayoelekea bara yasafirishwe kwa reli. Wenye malori, makuli na wafanyabiashara wa Mombasa waliandamana hadi agizo hilo likasitishwa. Kilio chao kilikuwa cha haki, kwa kuwa mji mzima uliokuwa ukiishi kwa bandari ulitakiwa kufunga duka bila fidia.

Lakini hata kontena likipanda treni, mafuta hayaepukiki. Vichwa vya treni za SGR vinatumia dizeli. Tanzania ilipozindua safari za reli yake kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka wa 2024, treni zake zilikuwa za umeme. Reli ya kutoka Addis Ababa hadi Djibouti pia ni ya umeme. Kenya, ambayo takriban asilimia 90 ya umeme wake hutokana na mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua, ilichagua dizeli.

Kinaya hakiishii hapo. Tawi la pili la reli hiyo, lililozinduliwa mwaka wa 2019, linaishia Suswa, si mbali na visima vya mvuke vya Olkaria. Suswa ndiko pia inakoishia njia kuu ya umeme kutoka Loiyangalani, inayoleta nguvu za mitambo ya upepo ya Ziwa Turkana. Treni inasimama karibu kabisa na umeme wa nchi, ikiwa na tangi la dizeli iliyoagizwa kutoka Ghuba. Dizeli hiyo yenyewe, kama bidhaa nyingine zinazoagizwa, imetozwa ushuru wa kustawisha reli ilipoingia bandarini.

Ushuru huo wa reli nao umo njiani kufuata mkondo ule ule. Mpango uliotangazwa mwaka wa 2025 wa kuirefusha SGR kutoka Naivasha hadi Kisumu na Malaba unatarajia sehemu ya fedha itokane na kuuza mapato yake ya miaka ijayo. Hata uagizaji wa mafuta umejengwa juu ya kuahirisha. Katika mkataba wa Machi 2023 na kampuni za Saudi Aramco, ADNOC na ENOC, Kenya ilipewa siku 180 za kulipa. Mkataba huo ulipunguza msukosuko wa kutafuta dola kila mwezi, lakini haukupunguza hata pipa moja la mafuta tunayohitaji.

Wapo wanaoweka tumaini kwa Turkana, ambako mafuta yaligunduliwa mwaka wa 2012. Tumaini hilo lafaa kupimwa kwa mizani ya ukweli. Mafuta machache yaliyouzwa nje mwaka wa 2019 yalisafirishwa kwa malori kutoka Lokichar hadi Mombasa, yaani yalichoma dizeli ili yafike bandarini. Na kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe kiliacha kazi hiyo mwaka wa 2013. Hata visima vya Turkana vikianza kutoa mafuta kwa wingi, nchi itauza mafuta ghafi na kuendelea kununua petroli nje. Fedha zitaingia, ndiyo, ila matatu bado itajazwa kwa bidhaa ya meli.

Nafuu ya kweli imeanza kuonekana mahali pengine, tena bila kelele nyingi. Mabasi ya umeme yamekuwa yakibeba abiria Nairobi tangu mwaka wa 2022, na pikipiki za umeme zinazidi kuonekana mijini. Mwendeshaji anayebadilisha betri badala ya kujaza petroli anaepuka Sh25 zote kwa kila lita ambayo angeichoma. Kwa taifa ni faida. Kwa mfuko wa barabara ni mteja aliyetoroka, na kwa wawekezaji walionunua zile Sh7 ni tishio.

Serikali itafanya nini idadi ya watoro hao ikiongezeka? Njia rahisi ni kuwatoza walobaki, yaani mwenye pikipiki kuukuu na mkulima wa Kinangop anayepeleka kabeji sokoni kwa pikapu ya dizeli, ambao hawana uwezo wa kununua gari la umeme. Njia nyingine ni vituo vya kulipia barabarani, na tayari imechaguliwa. Barabara ya juu ya Nairobi yenye kilomita 27 hulipiwa tangu ilipofunguliwa mwaka wa 2022. Novemba 2025 Rais Ruto alizindua upanuzi wa barabara ya kutoka Rironi hadi Mau Summit, ambayo pia itakuwa ya kulipia, na ambamo Hazina ya Kitaifa ya Malipo ya Uzeeni (NSSF) imewekeza fedha za wafanyakazi.

Wenye umri wa kutosha watakumbuka kwamba nchi hii ilikuwa na vituo vya kulipia barabara katika miaka ya 1980. Ushuru wa mafuta ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka wa 1993 ulikuja kuchukua nafasi yake. Sasa vituo vinarejea na ushuru haujaondoka.

Ipo njia ya tatu ambayo wabunge wangeijadili, iwapo wangepata nafasi katikati ya mvutano wao na magavana kuhusu nani adhibiti Sh10.5 bilioni za mfuko huo. Kinachoharibu lami zaidi ni uzito wa gari, wala si aina ya nguvu inayoliendesha. Lori la magurudumu 22 huibonyeza barabara kwa namna ambayo pikipiki elfu haziwezi. Ada inayotokana na uzito na masafa ingemfikia mwenye lori la dizeli na mwenye basi la umeme kwa kipimo kimoja, na ingempunguzia mzigo mwendeshaji bodaboda. Lakini kiwango cha Sh7 kwa lita hakiwezi kuguswa kwa urahisi hadi wawekezaji watakapomaliza kulipwa, na Bunge lijalo, litakalochaguliwa mwaka wa 2027, litakuta sehemu hiyo ya uamuzi ikiwa imefanywa kwa niaba yake.