Tahadhari 159 kabla ya mifumo ya kodi ya Australia kuzimika

Mifumo ya Ofisi ya Kodi ya Australia ilipozimika Disemba 2016, waliosubiri marejesho ya kodi walielezwa kwamba mtambo wa kuhifadhi data umeharibika. Maelezo hayo yalikuwa ya kweli, lakini hayakutosha. Ripoti ya ofisi hiyo, iliyotolewa Juni 2017, imeonesha kwamba katika miezi sita iliyotangulia mtambo ulikuwa umekwisha kutoa ishara 159 za tahadhari.

Chanzo kikuu kilikuwa nyaya za faiba zinazobeba data. Waya wenye kasoro si lazima ukatike ghafla. Aghalabu hupoteza sehemu ya data, nayo ikalazimika kutumwa tena na tena. Mtumiaji huona ukurasa unachelewa tu. Fundi anayesoma wastani wa kasi wa saa nzima huona hali ya kawaida. Ndiyo maana uchunguzi wa kweli hufuatilia kila waya na kila diski peke yake, na kuuliza ni ipi inayojibu kwa kuchelewa kuliko nyingine. Baadhi ya nyaya zilibadilishwa mapema, lakini tahadhari hazikukoma.

Kati ya diski zipatazo 800, zilizoathirika zilikuwa 12. Hizo chache ziliangusha karibu huduma zote, kwa kuwa mtambo ulisanifiwa kwa kutanguliza kasi mbele ya ustahimilivu. Zaidi ya hayo, baadhi ya zana za kurejesha huduma zilihifadhiwa ndani ya mtambo uleule, mithili ya mtu anayefungia ufunguo wa akiba ndani ya nyumba.

Mtambo wenyewe ulikuwa wa kampuni ya Hewlett Packard Enterprise, ukitumiwa kwa mkataba. Kukodi mitambo si kosa. Serikali nyingi hufanya hivyo. Lakini mkataba unaonunua nafasi na kasi, bila mteja kusoma mwenyewe kumbukumbu za mtambo, humwacha gizani hadi siku ya kuanguka.

Data za walipakodi hazikupotea. Hata hivyo, Februari 2, 2017 mifumo ilizimika tena, nyaya zilezile zikiwa katika matengenezo. Msimu mpya wa kodi ulianza Julai 1, 2017, na mamilioni ya watu walitarajiwa kuwasilisha taarifa zao kwa mtandao. Swali lililoihusu ofisi hiyo wakati huo lilikuwa nani angesoma tahadhari ya kwanza, na kama angekuwa na mamlaka ya kusimamisha kazi.